Zamu ya Mama Voršila

Mwanamke ninayetaka kuwasimulia hakuwa mtakatifu. Nasema mapema, kwa sababu siku hizi hapa kwetu Kostelov watu wameanza kumtaja kwa sauti ya chini, mikono kifuani, eti Mama Voršila maskini, eti Mama Voršila roho safi. Wanafiki wakubwa! Ni wale wale waliomfungia madirisha. Na mimi nimo, tena mimi ndiye wa mbele yao, kwa hiyo msidhani nawasema wenzangu ili nijikoshe. Naitwa Matouš, fundi mapipa. Nyumba yangu ilipakana na yake ukuta kwa ukuta, na hasira niliyo nayo imekaa kifuani miaka yote hii haijapoa.

Voršila alizaliwa katika nyumba ile ya Lango la Chini, akakulia humo, akaolewa humo humo. Mume ndiye aliyehamia. Baba yake Voršila alikuwa mpika bia, na binti alipokuwa mtoto wa miaka kumi tayari aliweza kutia mkono kwenye shayiri iliyochipua akakuambia kama imekuwa kimea au bado. Watu wazima walimcheka, kisha wakaja kumuuliza. Alikuwa mfupi, mnene wa mikono, na mdomo wake, mama yangu! Akikushukia asubuhi, mpaka jioni bado unajipangusa.

Kwetu bia haipikwi na yeyote anayejisikia. Nyumba kumi na moja zinazouzunguka uwanja wa soko ndizo zenye haki hiyo, na zinapika kwa zamu, kufuata orodha inayotundikwa kwenye baraza la madiwani. Orodha inaanza na nyumba ya Havel, mwoka mikate, pale karibu na baraza, inazunguka uwanja wote, ya kumi ni yangu, ya kumi na moja, ya mwisho kabisa, ni ya Voršila. Zamu yako ikifika unapika, unatundika tawi la msonobari juu ya mlango, na watu wanakuja na mitungi yao mpaka pipa la mwisho likauke. Kisha tawi linashuka kwako, linapanda kwa jirani. Tulirithi hivyo kwa mababu, wala sikumbuki mtu kuigombania zamu.

Bia yake ya ngano ilikuwa nyeupe, nyepesi, yenye povu la kukaa. Zamu yake ikifika watu walipanga foleni hadi kisimani. Siku moja Havel alijitia kuionja kwa kukunja uso, akasema ina uchachu kidogo.

“Uchachu uko mdomoni mwako, Havel,” alimwambia mbele ya watu. “Nenda kanywe yako. Si juzi tu farasi wa daktari aliikataa?”

Mume wake alikufa kwa homa wakati mwanawe Vít ana miaka tisa. Mimi ndiye niliyekuwa baba wa ubatizo wa yule mtoto. Nilimshika mikononi pale kwenye beseni la maji, nikaapa mbele ya padri na watu kwamba asipokuwapo baba yake nitakuwapo mimi. Nawaambia hili mlijue, maana ndilo linalonichoma. Mama yake watu walimwita Mama Vít, nami nilimwita hivyo mpaka mwisho.

Sasa nije kwa mabwana. Nikiwataja hawa natamani kutema mate, lakini nitameza.

Mwaka ule mabwana wa Praha walipowatupa dirishani wajumbe wa mfalme, bwana wa kwetu, Zdeborský, mwenye ngome kule kilimani, alikuja sokoni kwa farasi. Aliomba pipa la kusimamia. Likatolewa langu, jipya, la mwaloni. Akapanda na buti zake zenye vifungo vya fedha, akatusimulia jinsi wajumbe wale walivyoanguka, akicheka mpaka machozi yanamtoka, nasi tukacheka naye, wapumbavu sisi. Kisha akabadilisha uso. Akasema mfalme aliyeko Vienna anataka kutunyang'anya kikombe.

Alijua pa kutugusa. Kwetu, miaka mia mbili, kila mtu kanisani alikunywa divai takatifu, si padri peke yake. Mtwana na bibi yake, mdomo mmoja na kikombe kimoja. Mabwana walikuwa na ugomvi wao na mfalme: nani akae barazani, nani amchague mfalme, nani atoze nini. Sawa, wagombane. Lakini hakuna mtu wa soko ambaye angekufa kwa ajili ya kiti cha bwana. Kwa hiyo wakakishika kikombe chetu, wakakiinua juu, na nyuma yake wakaficha viti vyao.

“Atakayeacha kikombe amwache hata mama yake!” Zdeborský alipiga kelele. Sokoni pakawa hapatoshi kwa vigelegele. Hata Voršila alilia. Alimpelekea mtungi wa bia kwa mikono yake mwenyewe.

Miaka miwili baadaye, mabwana wakiwa wamejichagulia mfalme wao mwingine, jeshi la Vienna likaja. Zdeborský akatuma amri: kila nyumba yenye haki ya bia itoe mwanamume mmoja mwenye mkuki. Mimi nikaenda kwa ajili ya nyumba yangu. Kwa Voršila hakukuwa na mwingine ila Vít, miaka kumi na tisa, ndevu bado zinasitasita.

“Matouš,” aliniambia pale langoni, akimfunga mwanawe skafu kama mtoto mdogo, na kijana kaona haya, “wewe ndiye baba yake wa ubatizo. Nirudishie.”

“Nitakurudishia, Mama Vít.”

Mlima Mweupe, tulikopelekwa kupigana, si mlima, ni kilima kisicho na maana nje ya Praha. Asubuhi ile ya Novemba ilikuwa ukungu mtupu. Mambo yote hayakuzidi saa mbili. Sikumwona adui hata mmoja uso kwa uso. Nilisikia kishindo, nikaona wenzetu wa mbele wanageuka, nikamwona Zdeborský amegeuza farasi kabla yao wote, manyoya ya kofia yanapepea kuelekea mjini. Tukatupa mikuki, tukakimbia. Karibu na ukuta wa msitu wa kuwindia wa mfalme, Vít alipigwa risasi ya paja. Akaanguka kwenye mtaro. Akaniita, “Baba Matouš! Baba Matouš!” Nilimsikia. Nikaendelea kukimbia.

Ndiyo. Nilimwacha. Mnaweza kunitazama mnavyotaka.

Nilipofika nyumbani Voršila alikuwa mlangoni. Aliona niko peke yangu. Nikamwambia mwanawe alikufa amesimama, mkuki mkononi, risasi moja ya kifua, hakuumia. Akauliza, “Alisema neno?” Na mimi, kwa vile sikuweza kuuvumilia uso ule, nikamwambia, “Alitaja kikombe.”

Miaka saba aliishi kwa maneno yale mawili. Alipika bia, aligombana na watu kama kawaida, lakini kila Jumapili alikaa kiti cha mbele kanisani, shingo wima, mama wa mtu aliyekufa vizuri. Halafu hata kanisa lenyewe likachukuliwa. Wachungaji wetu walifukuzwa, kikombe cha shaba kilichokuwa juu ya mlango kikang'olewa kwa kamba, na akaja padri mpya aliyekunywa divai peke yake huku sisi tunamtazama. Tukakaa kimya. Tulidhani tukikaa kimya watatusahau.

Mwaka wa saba, Kwaresima inaanza, mjumbe wa mfalme akaingia Kostelov na askari wa farasi arobaini na wanne. Mjumbe mwenyewe nani? Zdeborský! Mtu yule yule, buti zile zile! Alikuwa ameungama, amepiga magoti huko Vienna, amerudishiwa ngome yake na vijiji viwili vya mwenzake aliyekataa. Macho makavu, hana mshipa wa aibu. Safari hii hakuomba pipa. Alisimama kwenye ngazi za baraza na kutusomea amri: kila mwenye nyumba akaungame kwa padri, akane alichokuwa anakiamini, aseme kwamba alipotoshwa, atie sahihi, apewe cheti. Asiye na cheti atalaza askari nyumbani kwake.

Usiku uliotangulia amri hiyo habari zilikuwa zimeshavuja, na zamu ya bia ilikuwa ya Voršila. Wenye nyumba kumi na moja tulikuwa tumekutana kwake, tukala kiapo mikono juu ya meza. Hakuna atakayesaini. Tukikataa wote watafanya nini, watuchinje mji mzima? Havel ndiye aliyeapa kwa sauti kubwa kuliko wote. Mnene yule alipiga meza mpaka vikombe vikaruka.

Lakini Zdeborský alitujua. Amekunywa bia yetu tangu ujana. Alimwagiza karani alete ile orodha ya zamu, akaishika juu tuione.

“Askari wanne kila nyumba,” alisema. “Nyumba itakayoleta cheti itapumzika. Askari wake watahamia nyumba inayofuata kwenye orodha. Zamu mnazijua wenyewe, sina haja ya kuwafundisha.”

Akatabasamu, shetani. Mnaona alichofanya? Askari hawakupungua hata mmoja mjini. Kila aliyejiokoa alimtwisha jirani mzigo wake na wa wote waliomtangulia. Na hakuhitaji hata kutoa sauti, maana orodha ni yetu, utaratibu ni wetu, na sisi watu wa Kostelov orodha ikisema zamu yako imepita, tunaona tumemaliza wajibu.

Havel alisaini siku ya tatu. Siku ya tatu! Askari wake wanne wakabeba matandiko, wakaingia kwa mfinyanzi. Mfinyanzi akiwa na wanane akavumilia siku mbili. Wa tatu akiwa na kumi na wawili hakumaliza siku. Ikawa kila asubuhi tunasimama madirishani kuangalia wanaume wenye buti wanahama mlango hadi mlango kuzunguka uwanja, wanaongezeka, kama tawi la msonobari linavyohama. Na kila mlango waliotoka ulifungwa kwa komeo, wenyewe ndani, kimya, hawataki kukutana na macho ya mtu.

Walipofika kwangu walikuwa arobaini. Arobaini, katika nyumba ya vyumba vitatu na karakana. Walipiga ngoma chini ya dirisha la chumba changu ili tusilale. Mke wangu Salomena alihamia karakana, akalala ndani ya pipa. Siku ya kwanza walichoma mbao zangu za mwaloni, zile nilizokausha miaka miwili. Siku ya pili wakaanza kuchoma mapipa yenyewe. Nilisimama uani nikitazama pipa la tatu linaingia motoni, na kitu ndani yangu kikakatika, nikavaa koti nikaenda kwa padri. Aliuliza, nikaitikia kwa kichwa. Aliuliza tena, nikaitikia tena. Nikatia sahihi kwamba nilipotoshwa. Haikuchukua muda wa kuchemsha yai.

Askari walifunga mizigo yao wakipiga mbinja. Hatua ishirini tu mpaka mlango wa Voršila. Yeye alikuwa amesimama kizingitini, mikono kiunoni, akiwatazama wanavyoingia mmoja mmoja kuungana na wale wanne aliokuwa nao. Kisha akanitazama mimi. Nilitaka ardhi ipasuke.

“Jirani,” alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayerudisha chungu cha kuazima, “umemsahau mmoja. Yule mwenye ndevu nyekundu bado yuko chooni kwako.”

Nikaingia ndani, nikafunga komeo.

Siku tisa alikaa nao. Arobaini na wanne! Waliwaingiza farasi kwenye sakafu ya kimea, wakakanyaga shayiri yote ya masika. Wakanywa pipa lake la mwisho. Alilala juu darini, kwenye chumba kidogo cha kukaushia kimea, na kila asubuhi tulisikia sauti yake kupitia ukutani.

“Vua buti, wewe mwana wa nani sijui! Hapa si zizini kwa baba yako!”

Na haki ya Mungu, walivua. Ijumaa moja ya Kwaresima walimchinjia bata bukini wake wawili, wakachoma. Yeye akatoka uani akapaza sauti uwanja mzima usikie.

“Jamani, njooni mwone! Watu wa mfalme wanakula nyama Ijumaa ya Kwaresima! Nimwite padri? Hivi hapa anayehitaji cheti cha kuungama ni nani, mimi au nyie?”

Wawili waliacha kutafuna. Mwenye ndevu nyekundu alicheka mpaka akapaliwa.

Sisi majirani je? Hatukupeleka hata mkate. Tuliogopa orodha isije ikaanza upya. Tena mbaya zaidi, tulianza kumchukia yeye. Mke wa Havel alitoa kichwa dirishani akamwambia, “Si usaini tu, Voršila! Kwani wewe una shingo ya dhahabu? Unatutia aibu wote!”

“Aibu hiyo ulikuwa nayo, mwanangu,” alijibiwa, “mimi nimekuonyesha tu ilipo.”

Jumatatu ya juma la mateso Zdeborský akaja mwenyewe nyumbani kwake, mchana kweupe, na karani na karatasi. Niliitwa niwe shahidi, kama jirani wa ukuta. Askari walijipanga kwenye kuta za ukumbi. Voršila hakusimama.

“Mama,” bwana alianza kwa sauti ya asali, “tumechoka wote. Sahihi moja tu. Hakuna anayekulaumu. Watu wengi wema walipotoshwa miaka ile.”

“Walipotoshwa na nani?”

“Na watu wabaya.”

“Majina yao?”

Zdeborský alikohoa. “Mambo ya zamani hayo.”

“Mimi namkumbuka mmoja,” Voršila alisema. “Alisimama pale nje juu ya pipa la huyu Matouš. Alikuwa na buti kama hizo zako. Alisema atakayeacha kikombe amwache hata mama yake. Nilimpelekea bia. Umeshamwacha mama yako, bwana, au bado?”

Mwenye ndevu nyekundu aligeuka kutazama ukuta, mabega yanamtikisika. Bwana alikuwa mwekundu mpaka masikio.

“Angalia ulimi wako, mwanamke.”

“Ulimi wangu nauangalia miaka hamsini, haujawahi kupotea njia. Sikiliza, nitasaini. Karani, andika.” Karani akashika kalamu kweli, mjinga yule. “Andika: mimi Voršila na mwanangu Vít tulipotoshwa na Bwana Zdeborský, aliyemchukua mtoto nyumbani kwangu kwa amri yake, na leo anasema haikuwa kweli. Yeye aweke sahihi yake juu, mimi nitaweka yangu chini yake. Leo hii. Hata padri nitambusu mkono.”

Niliomba Mungu bwana yule asaini. Ingemgharimu nini? Alikuwa ameshasaini makubwa kuliko hayo Vienna. Lakini kuna vitu mabwana hawasaini.

“Mwanao alikufa kishujaa,” alisema badala yake. “Nilimwona mimi mwenyewe.”

“Ulimwona kwa kisogo?” Ndipo Voršila akasimama. Sauti ikampasuka. “Huyu Matouš alikuwa kando yake, ndiye aliyemwona! Wewe ulikuwa wapi? Mwanangu alikufa anataja kikombe, na wewe unataka nitie sahihi kwamba alikufa kwa upuuzi! Toka! Toka nyumbani kwangu, mwizi wa watoto wa watu!”

Alitoka. Mlangoni akageuka, akasema mpaka Jumatano mchana. Cheti, au aondoke na anachoweza kubeba. Nyumba na haki ya bia vitakuwa mali ya mji.

Mimi nilibaki nimekufa ganzi. Kwa sababu nilijua sasa kinachomshikilia ni nini. Si bwana, si padri. Ni lile neno langu. Uongo wangu ndio uliokuwa unamtoa katika nyumba aliyozaliwa. Kama Vít hakutaja kikombe, kama alikufa kama mtoto yeyote anayekufa, basi mama yake hana shujaa wa kumsaliti. Anaweza kusaini uchafu ule, akalala kitandani kwake, akapika bia yake. Ndivyo nilivyopiga hesabu zangu usiku kucha.

Jumanne asubuhi nilipanda darini. Alikuwa anazoa kimea kilichosalia kwa koleo la mbao, vumbi limemjaa nyusi.

“Umekuja kunishawishi,” alisema. “Usijisumbue, jirani.”

“Mama Vít, nilikudanganya.”

Nikamwambia yote. Ukungu, kukimbia, ukuta, mtaro, paja. Kwamba nilimsikia. Nilipomaliza alikuwa bado ameshika koleo vile vile.

“Hakutaja kikombe.”

“Hapana.”

“Alitaja nini?”

“Aliniita mimi.”

Alinipiga na lile koleo. Bega, mgongo, bega tena. Sikujikinga. Alipiga mpaka mpini ukakatika, kisha akakaa chini juu ya kimea, anahema.

“Miaka saba,” alisema. “Miaka saba nimekuangalia ukipita pale mlangoni. Nikakuuzia bia. Nikakwambia asante, Matouš, kwa kuwa naye!”

“Nisamehe.”

“Koma! Usiniombe kitu.” Alijifuta uso kwa aproni. “Kwa hiyo wakati unaondoka alikuwa hai.”

“Alikuwa hai.”

“Na ameachwa pale pale.”

“Mama Vít, nimekwambia ili usaini. Hakuna unayemsaliti sasa. Saini, ubaki kwako.”

Alinitazama kama mtu anayetazama kitu kilichooza chini ya pipa.

“Kwangu?” alisema. “Nimekaa hapa nalinda nyumba ya mtu aliyelala mtaroni, hata hajafukiwa na mtu wa kwao. Nibaki nifanye nini, nikupikie bia? Nieleze huo ukuta uko wapi.”

Nikamweleza. Msitu wa mfalme, ukuta mweupe, mtaro upande wa kusini, palipokuwa na mpea mmoja uliopasuka. Alirudia kila neno mara mbili kama mtu anayejifunza sala. Nikasema nitafuatana naye. Akasema akiniona barabarani nyuma yake atanirushia mawe.

Jumatano mchana alitoka. Wote waliokataa vyeti katika nchi hii walishika njia ya kaskazini, Lango la Juu, kwenda Saksonia, ambako watu wetu wanapokewa. Yeye alitoka Lango la Chini, njia ya Praha, na mfuko mmoja na kijembe kifupi cha bustani. Uwanja mzima ulikuwa madirishani na hakuna aliyefungua dirisha. Yule askari mwenye ndevu nyekundu alivua kofia. Mimi nilisimama langoni kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kusimama. Hakuniaga. Alinipita, akaenda hatua kumi, kisha akarudi mpaka mbele yangu, karibu sana.

“Alikuita mara ngapi?” aliuliza.

Nikamwambia mara moja.

Akatikisa kichwa taratibu, akageuka, akashika njia. Hatujapata habari zake tangu siku ile. Na mtoto wake aliniita kutoka mtaroni hadi nikafika chini ya kilima, aliniita wakati naruka kijito, na aliacha kuita kwa sababu tu mimi nilikuwa nimefika mbali nisiweze kumsikia.